Historia ya Miguu, na Mkono Mmoja wa Nandi

Skuli niliyosoma hapa Unguja ilikuwa na kisahani kimoja cha kurusha. Kilikaa ofisini juu ya rundo la karatasi, kuzuia upepo wa kaskazi usizipeperushe. Sikuwahi kukiona kikirushwa. Mpira ulikuwepo, mbio zilikuwepo, wasichana walicheza nage. Kurusha kulibaki kwenye muhtasari wa somo.

Nimekikumbuka mwaka huu, ninapoandika tasnifu yangu ya uzamili juu ya riadha ya Afrika Mashariki. Historia hiyo, kama ilivyoandikwa, ni ya miguu: Kipchoge Keino, Filbert Bayi na dakika zake 3:32.16 za Christchurch mwaka 1974, Suleiman Nyambui na medali yake ya fedha Moscow 1980. Lakini miaka tisa kabla ya rekodi ya Bayi, mwaka 1965, Theresia Dismas alikwenda Brazzaville kwenye Michezo ya kwanza ya Afrika akarudi na medali ya fedha ya mkuki. Muungano wenyewe ulikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Zakayo Malekwa naye alirusha mkuki katika Olimpiki tatu mfululizo: 1980, 1984 na 1988. Pita Jaws Corner, penye kahawa na mabishano ya Simba na Yanga, uulize wangapi wanawajua hao wawili.

Kisahani bado hakijatupa bingwa wa dunia. Mkuki umetupa mmoja, Julius Yego, aliyezaliwa Januari 1989 huko Nandi, Kenya, nchi ya wakimbiaji hasa. Utotoni alichonga mikuki ya matawi ya miti akashindana na kaka yake. Alipokua hakukuwa na kocha wa mkuki wa kumwendea, basi akaingia kwenye vibanda vya intaneti kutazama video za Jan Železný wa Czech na Andreas Thorkildsen wa Norway, kisha akatoka kwenda kuyajaribu aliyoyaona.

Hapo ndipo dunia ilipompachika jina la “Mr. YouTube”, na mimi jina hilo linanikera. Limeigeuza hadithi yake kuwa kichekesho cha mtandao, wakati kiini chake ni upungufu: taifa lenye makocha wa mbio kila kona halikuwa na hata mmoja wa kumwambia kijana huyu kwamba mguu wake wa mbele unachelewa kukita. Video hukuonesha namna mwingine anavyofanya; wewe mwenyewe haikuoni. Yego alilijua hilo. Baada ya dhahabu ya Michezo ya Afrika, Maputo 2011, alipata nafasi ya kwenda Kuortane, Finland, akafundishwa na Petteri Piironen. Mwaka 2012 aliingia fainali ya Olimpiki ya London na kumaliza wa 12. Mwaka uliofuata, Moscow, akawa wa nne. Mwaka 2014 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola, Glasgow.

Kisha Beijing, tarehe 26 Agosti 2015. Raundi ya tatu. Yego anakimbia, anaurusha, na kwa ile nguvu anaanguka kifudifudi, anautazama mkuki ukienda akiwa amelala chini. Mita 92.72. Kwa miaka 14 hakuna binadamu aliyekuwa amerusha mbali kiasi hicho. Wa pili alikuwa Ihab Abdelrahman wa Misri, kwa mita 88.99. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko inavyohitaji tasnifu yoyote.

Rio 2016 alirusha mita 88.24 katika jaribio la kwanza, kifundo cha mguu kikamwangusha, akatolewa kwa kiti cha magurudumu. Mrusho ule mmoja ulitosha kwa medali ya fedha, ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki nje ya mbio na ndondi. Tokyo hakufika fainali. Wengi walimzika hapo.

Huku kwetu jibu la kawaida ni kwamba visiwa ni vidogo, na tena Zanzibar haina kamati yake ya Olimpiki, kwa hiyo kijana wa Makunduchi lazima apite kwenye timu ya Tanzania. La pili ni kweli. La kwanza nimeacha kulikubali tangu fainali ya Paris, Agosti 2024. Yego, akiwa na miaka 35, alirusha mita 87.72 na kuwa wa tano. Dhahabu ilikwenda kwa Arshad Nadeem wa Pakistan, fedha kwa Neeraj Chopra wa India, na shaba kwa Anderson Peters wa Grenada, nchi ya visiwa iliyo ndogo kuliko Unguja, kwa eneo na kwa watu.