Namna ya kuchagua na kufunga dampa mpya ya usukani

Wenye magari ya kubebea majani chai, mbolea na abiria katika kaunti za Kericho na Bomet wanazifahamu vyema barabara zao. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka. Lami inapokwisha, gari huingia kwenye muramu yenye mawe, mifereji na matope mekundu, na kesho yake hutarajiwa kurudi huko huko. Katika kazi hiyo kuna kifaa kimoja ambacho huchakaa polepole bila mwenye gari kutambua, nacho ni dampa ya usukani.

Dampa hufanana na shokabsoba nyembamba iliyolazwa. Upande mmoja hufungwa kwenye ekseli au kwenye fremu, na upande wa pili hufungwa kwenye fito zinazogeuza magurudumu ya mbele. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta kupitia matundu madogo. Gurudumu linapogonga jiwe, mafuta hayo huupunguza mshtuko kabla haujafika mikononi mwa dereva. Lakini dereva akigeuza usukani kwa utaratibu, dampa haimpingi.

Kifaa hiki hupatikana zaidi kwenye magari ambayo ekseli yake ya mbele ni mhimili mmoja mzima. Mifano ni Toyota Land Cruiser za aina ya 70, ambazo zilianza kuundwa mwaka 1984, Land Rover Defender za muundo wa zamani uliokoma Januari 2016, pamoja na Nissan Patrol za miundo ya zamani. Suzuki Jimny iliyozinduliwa mwaka 2018 nayo hutoka kiwandani ikiwa na dampa. Magari kama Prado, ambayo kila gurudumu lake la mbele hujitegemea, kwa kawaida hayana.

Je, ugonjwa ni dampa?

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii yafaa kukumbukwa kabla ya kutoa pesa dukani. Usukani unapotetemeka kwa nguvu baada ya gari kupita kwenye shimo, wengi hukimbilia kununua dampa mpya. Mtetemeko hupungua, nao huamini kwamba gari limepona. Kumbe dampa hiyo imeficha tu kifaa kingine kilicholegea, na siku kitakapoachana na mwenzake, gari litakuwa kwenye mteremko likiwa na watu au tani za majani.

Kwa hivyo uchunguzi uanze kwa mambo madogo. Osha rimu upande wa ndani, kwani matope ya mashambani yakikauka humo huharibu usawa wa gurudumu na kuleta mtetemeko ambao dampa haina hatia nao. Pima upepo wa matairi. Tazama kama tairi limevimba au limeliwa upande mmoja.

Kisha mwombe mtu mwingine ageuze usukani kidogo kulia na kushoto, gari likiwa limesimama chini na injini ikinguruma, huku wewe ukitazama na kugusa viungo vya fito. Kiungo kinachocheza bila kuigeuza fito iliyo mbele yake kimekwisha. Usisahau fito inayoizuia ekseli isiyumbe pembeni, kwenye magari yaliyo nayo. Bushi zake zikilika, gari zima hutetemeka.

Hatimaye inua gurudumu la mbele na ulishike juu na chini, kisha ulitikise. Likicheza, huenda beringi za gurudumu au za kigeuzio chake zimelegea. Lishike tena kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo huashiria viungo vya fito. Kasoro hizi zitengenezwe kwanza, ndipo dampa ifuatie.

Dalili za dampa iliyokufa

Dampa yenyewe hujitambulisha. Mafuta yakivuja yakashikana na vumbi, fito yake ikipinda kwa kugonga kisiki, au bushi zake zikipasuka, wakati wake umefika. Unyevu mwembamba tu si lazima uwe kasoro. Njia ya hakika ni kuifungua na kuisukuma na kuivuta kwa mkono. Dampa nzima hupinga kwa nguvu sawa pande zote mbili, tangu mwanzo wa safari yake hadi mwisho. Ikiteleza bure mahali fulani, au ikikwama, haifai tena.

Kuchagua

Jambo la kwanza ni kipimo. Peleka dampa ya zamani dukani, au andika urefu wake ikiwa imefungwa na ikiwa imevutwa yote, pamoja na aina ya ncha zake. Ncha nyingine huwa na tundu la bushi, na nyingine huwa na msumari wenye umbo la pia. Dampa fupi mno itafika mwisho kabla usukani haujamaliza kugeuka, na itang'oa kishikio chake au kumnyima dereva kona. Ndefu mno nayo itajibana upande wa pili kabla gurudumu halijafika mwisho.

Jambo la pili ni aina. Dampa za mafuta matupu hutosha kwa gari lenye matairi ya kipimo cha kiwandani, na huacha usukani ukiwa mwepesi. Zile zenye gesi hustahimili joto la barabara ndefu yenye makorongo kwa sababu mafuta yake hayatoi povu upesi. Hata hivyo gesi huisukuma fito ya dampa nje wakati wote, na kwa baadhi ya magari msukumo huo huvuta usukani upande mmoja. Mwenye gari lililoinuliwa na kuwekwa matairi makubwa anaweza kuhitaji dampa nzito zaidi, lakini ajue kwamba usukani hautarudi katikati kwa wepesi ule wa zamani.

Jambo la tatu ni onyo. Baadhi ya mafundi hufunga shokabsoba ya kawaida mahali pa dampa ili kuokoa pesa. Shokabsoba huundwa ipinge zaidi inapovutwa kuliko inapobanwa, hivyo usukani utakuwa mzito upande mmoja na mwepesi upande mwingine. Isitoshe, nyingi hutengenezwa zisimame wima, na zikilazwa huvuta hewa ndani ya mafuta na kupoteza nguvu.

Vipuri ghushi ni tatizo jingine. Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa ghushi mwaka 2008, lakini sheria haimsaidii mnunuzi asiyedai risiti. Iwe unanunua mjini Kericho, Litein, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, linganisha namba ya kipuri na ile ya gari lako, na ukatae dampa ambayo fito yake ina mikwaruzo au kutu.

Kufunga

Mwagie bolti na nati za zamani mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi. Egesha gari mahali tambarare, magurudumu yakielekea mbele sawasawa, vuta breki ya mkono na uweke kabari. Ikiwa ni lazima kuliinua, liketishe juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake au mawe yaliyopangwa si tegemeo la mtu anayelala chini ya gari.

Ondoa pini na nati. Ncha yenye umbo la pia itolewe kwa kifaa cha kuvutia. Kugonga nyundo juu ya nyuzi za msumari huziharibu. Safisha vishikio na uvikague. Chuma chenye ufa kichomelewe na fundi hodari au kibadilishwe.

Dampa mpya ya mafuta isukumwe na kuvutwa mara kadhaa ikiwa imelazwa kama itakavyokaa, ili hewa itoke. Ifunge ikielekea kama ile ya zamani. Magurudumu yakiwa yamenyooka, pistoni yapaswa kuwa karibu na katikati ya safari yake. Kaza nati za bushi gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha gari, na uweke pini mpya badala ya ile iliyokunjwa.

Sasa geuza usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Anayetazama chini ahakikishe kwamba viishio vya usukani vinagusana kabla dampa haijafika mwisho wake, na kwamba haigusi tairi, springi wala mipira ya breki. Endesha polepole kwanza, kisha uongeze mwendo. Baada ya wiki moja ya kazi, kaza tena nati zote.

Mtetemeko ukitokea barabarani

Usukani ukianza kutikisika kwa ukali gari likiwa mwendoni, tuseme kwenye barabara ya Kericho kuelekea Londiani, usikanyage breki kwa ghafla. Ushike usukani kwa mikono miwili bila kushindana nao, ondoa mguu kwenye kichapuzi, acha mwendo upungue, kisha utoke kando ya barabara. Usiendelee na safari kwa kuwa mtetemeko umekoma. Kagua viungo vya fito papo hapo, na kimoja kikionekana kimelegea, gari livutwe hadi kwa fundi, hata kama majani chai yanasubiriwa kiwandani.