Asili ya Ua Jekundu la Kuwakumbuka Askari

Kila mwaka tarehe 11 Novemba inapokaribia, watu wengi wa Uingereza huvaa kifuani ua dogo jekundu la karatasi liitwalo popi. Asiyejua asili yake aweza kudhani kuwa ni pambo tu. Lakini asili yake ni huzuni, na faida yake ni riziki ya wenye dhiki.

Popi humea porini katika nchi za Ulaya. Mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi bila kuota, mpaka udongo upinduliwe. Katika Vita Kuu ya 1914–1918 mizinga iliipindua ardhi ya Ubelgiji kuliko jembe lolote, na maua hayo yakachipuka kwa wingi baina ya makaburi. Mwezi wa Mei 1915, karibu na mji wa Ypres, daktari wa jeshi la Kanada, John McCrae, aliongoza maziko ya rafiki yake, kisha akatunga shairi lenye kuyataja maua yale. Mwenyewe hakuuona mwisho wa vita. Alikufa kwa maradhi Januari 1918.

Novemba 1918, siku mbili kabla ya vita kukoma, Bibi Moina Michael wa Marekani alilisoma shairi lile, akaazimia kuvaa popi daima. Lakini aliyelieneza ua hilo liwe njia ya sadaka katika nchi nyingi ni Bibi Anna Guérin wa Ufaransa. Aliwaona wajane na mayatima wa nchi yake hawana kitu, akafanya shauri maua ya kitambaa yauzwe ili wapate kula. Mwaka 1921 alikwenda London kuwaeleza wakuu wa British Legion, chama kilichoundwa mwaka ule ule kuwasaidia askari waliotoka vitani. Tarehe 11 Novemba 1921 maua yaliuzwa Uingereza, zikapatikana zaidi ya pauni 106,000.

Mwaka 1922 Meja George Howson alifungua karakana ya maua huko London, akaanza na askari watano waliolemaa. Ua lilibuniwa hata mtu wa mkono mmoja aweze kuliunganisha. Hawa hawakupewa sadaka tu; walipewa kazi na ujira.

Nasi wa Afrika ya Mashariki tunahusika, maana vita vile vilipiganwa hapa pia. Wapagazi wengi sana wa jeshi walikufa kwa maradhi na njaa, wala makaburi yao hayajulikani. Na mishahara ya wengi haikuwafikia jamaa zao. Sanamu iliyosimamishwa Nairobi mwaka 1928 yamwonyesha mpagazi pamoja na askari. Ni heshima njema, lakini sanamu haimlishi yatima.

Basi hili ndilo fundisho la ua lile: amkumbukaye marehemu kwa haki humtazama na mjane wake. Wazee wetu walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.