Vali Kuukuu za Amplifaya na Historia Iliyomo Kiooni

Ndugu zangu mliomaliza shule hii, nanyi vijana mnaokalia madawati yetu leo, wahariri wameniomba niandike jambo la historia. Wenzangu wataandika juu ya walimu na mashindano ya mpira. Mimi kazi yangu ni kutengeneza amplifaya za magitaa, basi nitaandika juu ya vali, yaani zile chupa ndogo za kioo zisizo na hewa ndani, ambazo huwaka wekundu na kukuza sauti.

Kwanza tuitazame asili yake. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alibuni vali ya ncha mbili: kathodi itoayo elektroni na anodi izipokeayo. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza ncha ya tatu, gridi. Gridi ni kama mlango wa mfereji wa shamba: nguvu kidogo ya kuusogeza huongoza maji mengi. Hapo ndipo ukuzaji wa sauti ulipoanzia. Transista ilivumbuliwa Marekani Desemba 1947, lakini redio ndogo ya transista haikufika madukani hadi 1954. Kwa hiyo kituo cha Dar es Salaam kilipoanza matangazo mwaka 1951, redio za spika zilizokuwa majumbani zilikuwa za vali.

Hatimaye transista ilishinda na viwanda vingi vya vali vikafungwa. Wapiga gitaa, hata hivyo, hawakuziacha vali, kwa kuwa zikisukumwa kupita kiasi, sauti hukwaruza taratibu na kwa namna ipendezayo. Vali mpya bado hutengenezwa, hasa Slovakia, Urusi na Uchina. Lakini Machi 2022, habari za kuzuiwa kwa vali za Urusi zilipotoka, wanunuzi walihangaika kila mahali, na wengi wakazikumbuka zile kuukuu.

Uhaba huo si jambo geni. London, mwaka 1962, Jim Marshall na mafundi wake walitengeneza amplifaya yao ya kwanza kwa kuifuata Fender Bassman ya Marekani. Vali za Kimarekani zilikuwa ghali na adimu Uingereza, wakahamia KT66 ya Kiingereza, kisha EL34 katikati ya miaka ya 1960. Sauti ambayo leo dunia huiita ya Marshall ilitokana, kwa sehemu, na kilichopatikana dukani. Wanafunzi wa historia walikumbuke hilo: mara nyingi uhaba wa kitu ndio huamua njia.

Sasa nije kwenye kuzitafuta. Amplifaya ya Vox AC30 hutumia EL84 nne, na EL84 hiyo hiyo ilitumika katika redio nyingi za nyumbani za Ulaya. Kwa hiyo msitafute kwenye maduka ya magitaa peke yake. Nendeni kwa mafundi redio wa zamani, mkapekue maboksi yaliyosahauliwa chini ya meza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mkiipata vali, someni jina lake la aina. Kwa utaratibu wa Ulaya, E maana yake uzi wa joto hutumia volti 6.3, L ni vali ya nguvu ya kuendesha spika, 8 ni kitako cha pini tisa, na 3 ni kitako cha pini nane. ECC83 ina C mbili kwa sababu ni vali mbili za ncha tatu katika chupa moja. Wamarekani huiita 12AX7, na jeshi la Uingereza liliiandika CV4004. Asiyejua haya ataiacha mezani ile ile anayoitafuta.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: jina la kampuni lililochapwa kwenye kioo humtaja aliyeuza, na mara nyingi si aliyetengeneza. Viwanda viliuziana vali na kuchapa majina ya wateja. Katika boksi la fundi mmoja marehemu nilikuta EL84 mbili, moja ikiwa na jina Mullard, nyingine jina la kampuni ya redio. Karibu na kitako zote mbili zilikuwa na maandishi hafifu ya kijivu: rX, ambayo ni alama ya EL84, na mstari wa pili ulioanza na B, yaani kiwanda cha Mullard cha Blackburn. Walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Mstari huo wa pili ukisomeka B4K3, basi 4 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, K ni Novemba, na 3 ni wiki ya tatu. Mwaka waweza kuwa 1964 au 1974, hivyo linganisheni pia muundo wa ndani. Vali za Kimarekani aghalabu huwa na namba ya kiwanda: 274 ni RCA, 312 Sylvania, 188 General Electric. Jina lenye sifa huchapwa upya na walaghai kwa dakika moja. Chuma kilichomo ndani ya kioo hawawezi kukibadili.

Tazameni pia doa la rangi ya fedha ndani ya kioo. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na vali imekufa. Na vijana, msifungue amplifaya bila fundi: ndani yake mna volti 300, 400 au zaidi, na kapasita huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Mafundi walioijua kazi hii wanatutoka mmoja mmoja, na maboksi yao hutupwa jalalani pamoja na takataka, kwa kuwa warithi hawajui kusoma maandishi ya kijivu. Naomba kila mmoja wenu aulize kwao, mjini au kijijini, kabla boksi halijatupwa. Mkilipata, andikeni kwanza lilikuwa la nani na lilikaa wapi, ndipo mzisafishe vali. Na msisugue kioo, maana maandishi hayo yakifutika hakuna wa kuyarudisha.