Kompyuta zilivyojifunza kusoma kwa sauti, Kiswahili kikabaki mlangoni

MUHULA uliopita, mwanafunzi wangu mmoja asiyeona alinijia na lalamiko ambalo sikulitarajia. Nilikuwa nimewatumia wanafunzi wote muhtasari wa mhadhara kwa simu, nikaridhika kwamba kazi yangu imekwisha. “Mwalimu,” akaniambia, “maandishi yako nimeyasikiliza mara tatu. Lakini hii simu inasoma Kiswahili kama mtalii aliyeshuka ndege jana!”

Akaniwekea nisikie. Neno ‘pole’ likatoka ‘poul’. ‘Wake’ likawa ‘weik’. ‘Vile vile’ ikawa ‘vail vail’. Sentensi nilizozipanga kwa uangalifu ziligeuka makelele matupu. Wenzake waliokuwa karibu waliangua kicheko. Yeye hakucheka, kwa maana mtihani ulikuwa umebakisha wiki mbili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: imekuwaje kifaa cha kisasa hivi kimshinde mwanafunzi wa Kiswahili, katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi? Je, lugha yetu ni ngumu kwa mashine? Hebu turudi nyuma kidogo katika historia, kwa sababu jibu limo humo.

Mwanzo wa safari

Mapema katika karne ya 19, Mwitaliano Pellegrino Turri alimuundia rafiki yake asiyeona, Carolina Fantoni, mashine ya kuandikia barua. Baadhi ya barua zilizoandikwa kwa mashine hiyo tangu mwaka 1808 zingali zimehifadhiwa. Makarani waliokuja kupiga taipureta baadaye katika ofisi za dunia nzima, wengi wao hawakujua kwamba mojawapo ya mashine za kwanza za aina hiyo iliundwa kwa ajili ya mtu asiyeona.

Mwaka mmoja baada ya barua hizo za mwanzo, yaani 1809, Louis Braille alizaliwa katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Louis akiwa na umri wa miaka mitatu alijichoma jichoni kwa chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya babake. Uambukizo ukaenea hadi jicho la pili, akapofuka kabisa.

Katika shule ya wasioona jijini Paris, alikutana na mfumo wa nukta uliobuniwa na Charles Barbier, mtu aliyekuwa akiona. Kila alama katika mfumo huo ilijengwa kwa nukta hadi 12, na iliwakilisha sauti badala ya tahajia. Wazo lilikuwa zuri, ila ncha ya kidole haikuweza kufunika nukta zote hizo kwa mguso mmoja. Barbier hangeweza kulijua hilo kwa urahisi, kwani yeye alisoma kwa macho. Wahenga walinena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kufikia mwaka 1824, Louis akiwa kijana wa miaka 15, alikuwa amezipunguza nukta hadi sita. Sita zinatosha chini ya kidole kimoja, na zinazaa michanganyiko 63, inayotosha herufi, tarakimu, alama za uakifishaji na hata muziki. Maelezo ya mfumo wake yalichapishwa 1829. Hata hivyo, shule yake yenyewe iliukubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya kifo chake. Kwa miongo kadhaa wasioona waliujua ubora wake, lakini wenye kuona ndio waliokuwa na mamlaka ya kuamua.

Breli ilifika kwetu pia. Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa 1946 na kanisa la Jeshi la Wokovu. Mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, bado inasikika katika madarasa yetu ikigonga karatasi nzito kwa vibonye vyake sita, kila nukta na kibonye chake. Aliyewahi kupita nje ya darasa kama hilo wakati wa imla anaujua mlio huo.

Mashine zapata sauti

Hatua kubwa iliyofuata ilitokea Marekani mwaka 1976, Ray Kurzweil alipoonyesha hadharani mashine ya kusoma vitabu. Iliuchukua ukurasa kama picha, ikazitambua herufi za chapa mbalimbali, kisha ikayatamka maneno. Miongoni mwa wanunuzi wake wa kwanza alikuwa mwanamuziki Stevie Wonder. Bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Lakini karani anayepitisha karatasi kwenye skana leo, ili kompyuta imgeuzie picha kuwa maandishi, anafaidi matunda ya kazi iliyofanywa kwa ajili ya wasioona.

Viziwi nao walikuwa na historia yao. Mwaka 1964 Robert Weitbrecht, mwanafizikia kiziwi, aliunda kifaa kilichowezesha mashine za kuandika kuwasiliana kupitia laini ya kawaida ya simu. Kwa mara ya kwanza viziwi waliweza kupigiana simu kwa maandishi. Sisi tunaotumiana ujumbe kutwa kucha tulifuata njia ambayo wao walikuwa wameanza kuikanyaga kitambo.

Kompyuta zilipoenea, mahitaji yakawa ya programu inayosoma kwa sauti kila kilicho kwenye skrini. Mwaka 1989 Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa mwendesha pikipiki wa mashindano kabla ya kupoteza uwezo wa kuona katika ajali ya barabarani, alitoa programu ya JAWS. Ilikuwa na nguvu, ila ilikuwa ghali. Mwaka 2006 Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, alianza kuandika programu ya NVDA, na baadaye mwenzake James Teh, asiyeona pia, akaungana naye. Hoja yao ilikuwa rahisi: kwa nini asiyeona alipe zaidi ili atumie kompyuta ile ile anayoitumia jirani yake? NVDA hutolewa bure hadi leo.

Mwaka 2009 simu za iPhone ziliwekewa kisomaji cha skrini ndani yake, na simu za Android zikapata chao mwaka huo huo. Kuanzia hapo kifaa cha kusomea hakikuwa tena mashine ya pekee iliyofungiwa ofisini. Kilikaa mfukoni, ndani ya simu ile ile ambayo kila mtu anayo.

Kiswahili ki wapi?

Ukitazama majina haya yote utaona jambo moja. Waliofaulu zaidi walikuwa wahitaji wenyewe, au walikaa karibu sana na mhitaji. Ila karibu wote walitoka katika nchi zisizotumia Kiswahili. Kila fundi aliifunza mashine yake lugha ya nyumbani kwake kwanza. Wala si kosa. Ndivyo binadamu alivyo. Swali ni kwamba sisi wenye Kiswahili tulikuwa wapi.

Maana kwa kweli, lugha yetu ingekuwa zawadi kwa fundi wa mashine za kusema. Kiingereza kina tahajia ya kumtoa mtu jasho. Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu hutamkwa vivyo hivyo popote ilipo. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Mfunze mtu kanuni hizo kwa asubuhi moja na ataweza kukusomea ukurasa mzima hata kama haelewi neno. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya programu huru ya eSpeak, iliyoandikwa na Jonathan Duddington na ambayo NVDA huitumia, kuweza kukisoma Kiswahili kwa kufuata kanuni tu.

Ugumu upo, ila haupo pale wengi wanapoudhania. Chukua sentensi hii: ‘Watu 3 walinunua vitabu 8 na miche 2.’ Mimi na wewe tunasoma ‘watu watatu’, ‘vitabu vinane’, ‘miche miwili’. Mashine isiyojua ngeli itasoma ‘watu tatu’, ‘vitabu nane’, ‘miche mbili’, makosa ambayo mtoto wa shule ya msingi hukosolewa kwa kalamu nyekundu. Tena tarakimu 6, 7 na 9 hazibadiliki. Yaani ili isome tarakimu moja ya Kiswahili sawasawa, mashine lazima iwe na sarufi. Kazi hiyo inamhitaji mwanaisimu, si mhandisi peke yake.

Saa nazo zina balaa lake. Ujumbe wa hospitali ukiandikwa ‘Fika 2:00’ kwa maana ya alasiri, mashine ikausoma ‘saa mbili’, msikilizaji wa Kiswahili ataelewa asubuhi. Hapo amekosea kwa saa sita. Na ritifaa ya ‘ng’ombe’ je? Tukiiacha kwa uvivu wa kuandika haraka, mashine itatamka kile tulichokiandika, wala haitatuonea haya.

Kuna wanaosema kwamba haya ni mambo madogo, eti asiyeona atasomewa na ndugu yake. Waulize waliotumia huduma za pesa kwa simu zamani. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, wengi wetu tulikuwa na simu ndogo zisizoweza kutamka chochote. Asiyeona mwenye simu kama hiyo alilazimika kumpa mtu mwingine amsomee salio lake, na mara nyingine ambonyezee nambari ya siri. Siri ya watu wawili ni siri gani? Kusoma mwenyewe ni usalama wa mali, na pia ni heshima ya mtu mzima.

Katiba na majina

Katiba ya 2010 ililiona jambo hili. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali ikuze lugha za kiasili, Lugha Ishara ya Kenya, Breli, na njia nyinginezo za mawasiliano na teknolojia zinazoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu. Tazama jinsi lugha na teknolojia zilivyowekwa katika sentensi moja. Kifungu cha 54 kinaongeza haki ya mtu mwenye ulemavu kupata vifaa vya kumwezesha. Mwaka 2022 Kenya ikapata pia kiwango cha kitaifa, KS 2952, kinachoeleza namna bidhaa na huduma za TEHAMA zinavyopaswa kuundwa ili kila mtu azifikie.

Dhana hiyo wengine huiita ufikivu, wengine ufikiaji. Mimi naegemea ‘ufikivu’, kwa kuwa unataja sifa ya kitu kinachofikika, ilhali ‘ufikiaji’ unataja tendo la anayekifikia. Tofauti hiyo ina uzito. Ukisema tatizo ni la ufikiaji, unamtazama mtu. Ukisema ni la ufikivu, unakikagua kifaa.

Hata majina tunayowaita watu yana historia yake. Maneno ‘kipofu’, ‘kiziwi’ na ‘kiwete’ huanza na ki- kama ‘kitu’, na kuna wanaohisi kwamba yanamshusha mtu hadhi. Lakini ‘kijana’ na ‘kiongozi’ pia huanza vivyo hivyo, na katika upatanisho tunasema ‘kipofu amefika’, wala si ‘kimefika’. Wengi wa viziwi hujiita viziwi bila kusita. Kwa hivyo tusiitwike ngeli lawama zote. Ubaya wa jina huja pale linapomfanya mtu mzima aonekane kuwa ni upungufu wake tu. Siku ile, kilichomzuia mwanafunzi wangu kusoma hakikuwa macho yake. Kilikuwa sauti iliyochaguliwa bila kumfikiria yeye.

Tulikaa naye karibu saa nzima tukipekua mipangilio ya simu hadi tukapata sauti ya Kiswahili ya eSpeak. Inasema kama mtu aliyebanwa pua, lakini ‘pole’ ilikuwa ‘pole’ na ‘wake’ ilikuwa ‘wake’. Kisha akanigeukia: “Sasa na zile picha, Mwalimu?” Nilikuwa nimepiga picha kurasa tano za kitabu na kuzituma darasani, nikidhani nimewarahisishia. Kwa simu yake hazikuwa kurasa. Kila moja ilitangazwa kwa neno moja tu, ‘picha’, basi.

Kurasa hizo nilizichapa upya usiku ule. Siku hizi kabla ya kutuma chochote, nazima skrini ya simu yangu, namwachia yule mwenye pua iliyobanwa anisomee kwanza. Amenifichulia makosa ya tahajia ambayo macho yangu yalikuwa yakiyaruka kwa miaka mingi. Na nambari nazo siku hizi naziandika kwa maneno, mpaka pale wanaisimu na wahandisi wetu watakapoketi pamoja waifunze mashine kwamba watu ni watatu, na vitabu ni vinane.