Mgonjwa Aliyetaka Kuulizwa

Msomaji, nataka ufikiri kwanza juu ya karatasi moja. Katika Marekani, mpaka katikati ya miaka ya 1970, mwanamke aliyeona uvimbe katika titi lake alipofika hospitalini kwa kawaida aliwekewa mbele yake karatasi ya kutia sahihi. Karatasi hiyo ilimpa daktari ruhusa ya kufanya mambo mawili kwa safari moja: kwanza, kumlaza usingizi kwa nusukaputi na kukata kipande cha uvimbe kikatazamwe kwa darubini, pili, kipande kile kikionekana kuwa na saratani, kuliondoa titi zima papo hapo, pamoja na misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani, kabla mgonjwa hajaamka. Basi mwanamke alilala asijue kama ana saratani au hana. Alipoamka alipeleka mkono kifuani, na mkono ndio uliompa habari.

Waliofanya hivyo hawakuwa watu wakatili, nasi tukiwahukumu upesi tutakosa kuielewa historia yenyewe. Upasuaji ule ulitoka kwa William Halsted, mpasuaji mashuhuri wa hospitali ya Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, ambaye mwaka 1894 alitangaza habari za wagonjwa wake 50. Zama zile wanawake wengi walimwendea daktari uvimbe umekwisha kuwa mkubwa, na wapasuaji wa Ulaya walipoukata, mara nyingi saratani ilirudi pale pale penye kovu. Kwa Halsted ilirudi penye kovu kwa wagonjwa watatu tu. Yeye aliamini kwamba saratani huenea kutoka titini hatua kwa hatua, kama ndago itambaavyo shambani. Na kila mkulima ajua kwamba ndago haimalizwi kwa kukata majani. Sharti mizizi ichimbwe yote, na udongo wa kando uchimbwe vilevile. Hoja hii ilipendeza akili. Wanafunzi wa Halsted wakawa walimu wa wengine, na wale wakawa walimu wa wengine tena, hata upasuaji wake ukatawala katika Marekani kwa muda wa miaka 80 hivi.

Lakini kovu safi si uhai. Wanawake wengi ambao vifua vyao vilipona walikufa baadaye kwa saratani iliyozuka mifupani au katika ini, mahali ambapo kisu hakikufika. Na walioishi waliishi na kifua kilichobonyea, mbavu zikihesabika chini ya ngozi, na mara nyingi mkono wa upande ule ulivimba ukawa mzito kwa kuwa tezi za kwapani zilikuwa zimeondolewa.

Walikuwako waliotia shaka. Katika London, tangu miaka ya 1920, mpasuaji Geoffrey Keynes aliwatibu wagonjwa wake kwa kuondoa uvimbe tu na kuchoma sindano za madini ya radi ndani ya titi, na wengi wao walikaa salama sawa na wale waliokatwa sana. Wenzake walio wengi hawakumfuata. Sababu yao haikuwa ya ukaidi mtupu. Daktari mmoja akisema, "Wagonjwa wangu wamepona," mwenzake aweza kumjibu, "Ulichagua wale wenye ugonjwa mwepesi." Na kweli, hapana mtu awezaye kujichagulia wagonjwa kisha akawa hakimu wa haki juu ya tiba yake mwenyewe.

Dawa ya ugomvi wa namna hii ni kura. Wachukuliwe wagonjwa wa hali moja, na badala ya daktari kuamua nani apate tiba ipi, bahati iamue. Kisha watu wote wafuatwe kwa miaka mingi na kuhesabiwa. Mwaka 1971 Bernard Fisher, mpasuaji wa Pittsburgh, alianza kazi hiyo pamoja na hospitali nyingi za Amerika Kaskazini. Fisher hakukubali mfano wa ndago. Alidhani kwamba saratani hupenya katika damu mapema, na kwamba kuongeza upana wa shimo hakusaidii ikiwa mbegu zimekwisha kupeperushwa na upepo. Wapasuaji wengine walimchukia waziwazi kwa maneno hayo. Hata hivyo kura ilipigwa: wanawake wengine walipata upasuaji wa Halsted, na wengine waliondolewa titi bila misuli, ama kwa kuongezewa tiba ya miale ama bila ya kuongezewa.

Mimi nisomapo habari hii huwafikiria wanawake waliokubali kuliko ninavyomfikiria Fisher. Walikuwa zaidi ya 1,700. Kila mmoja wao alikuwa na saratani mwilini, na kila mmoja aliketi mbele ya daktari akaambiwa neno ambalo mgonjwa hapendi kulisikia: kwamba daktari hajui ipi kati ya njia hizi iliyo bora. Mtu mwenye hofu hutamani mganga mwenye yakini. Wao walipewa mashaka, nao wakakubali kutibiwa ndani ya mashaka hayo, ili wengine watakaofuata wapate kujua.

Wakati kazi hiyo ikiendelea, mwezi wa Juni 1974, mwandishi wa magazeti aitwaye Rose Kushner, wa jimbo la Maryland, alikuta uvimbe katika titi lake. Alikuwa na umri wa yapata miaka 45. Hakuwa daktari, lakini kazi yake ilikuwa kuuliza, na karibu na kwake ilikuwako maktaba kubwa ya taifa ya mambo ya uganga. Alikwenda akasoma. Katika vitabu aligundua kwamba katika nchi nyingine madaktari wengi walikuwa wameacha upasuaji wa Halsted, na kwamba hapakuwa na hatari iliyothibitishwa katika kungoja siku chache kati ya kukata kipande na kufanya upasuaji mkubwa. Akaamua kutaka jambo moja, nalo laonekana dogo sana kwetu leo: akatwe kipande, aamshwe, aambiwe, kisha aamue mwenyewe. Mpasuaji baada ya mpasuaji alimkatalia. Ikambidi ahangaike sana kabla ya kumpata aliyekubali.

Ilionekana kwamba ana saratani. Sasa angalia alivyoamua, kwa maana watu huikosea sehemu hii ya habari zake. Rose Kushner hakukataa kupoteza titi. Wakati ule hapakuwa bado na ushahidi wa kura kwamba kuondoa uvimbe peke yake kwatosha, naye alikuwa amesoma vya kutosha kuujua upungufu huo. Alisafiri mpaka Buffalo, katika jimbo la New York, akaondolewa titi na tezi, lakini misuli ya kifua ikaachwa. Alichokipigania ni haki ya kuwa macho wakati wa kuamua.

Miezi michache baadaye, tarehe 28 Septemba 1974, mke wa Rais wa Marekani, Betty Ford, alipasuliwa kwa njia ya Halsted, yote kwa mara moja. Inasimuliwa kwamba Kushner alipiga simu Ikulu usiku wa kuamkia siku ile kutaka kumwonya, asikubaliwe kusema naye. Siku mbili baada ya upasuaji ule, Fisher alisimama mbele ya mkutano wa madaktari akatoa hesabu zake za kwanza: mpaka hapo, wanawake walioachiwa misuli yao walikuwa hawajapungukiwa na uhai kuliko waliokatwa yote. Lakini Betty Ford hakuuficha ugonjwa wake, kama ilivyokuwa desturi, na kwa kusema kwake wanawake wengi mno walikwenda kupimwa.

Mwaka 1979 serikali ya Marekani iliita baraza la wataalamu kuamua juu ya jambo hili, na Kushner akawa mjumbe pekee asiye daktari wala mwanasayansi. Baraza lilishauri kwamba upasuaji wa Halsted usiwe tena tiba ya kawaida, na kwamba kupima na kukata vitengwe. Yeye mwenyewe alifariki kwa saratani hiyo mwezi wa Januari 1990.

Hesabu nyingine zilifuata. Umberto Veronesi wa Milano alitangaza mwaka 1981 habari za wanawake 701: waliokatwa sehemu ya titi na kutiwa miale waliishi sawa na waliokatwa kwa njia ya Halsted. Fisher alitangaza ya kwake mwaka 1985. Na mwaka 2002, baada ya miaka 20 ya kuwafuata wanawake wale, wote wawili walileta jibu lile lile. Ila Fisher aliongeza jambo la kukumbuka: kwa walioondolewa uvimbe bila miale, saratani ilirudi katika titi kwa 39 katika kila 100, kwa waliotiwa miale, 14.

Je, tuseme basi kwamba mgonjwa akidai, sikuzote yuko upande wa kweli? La. Katika miaka ya 1990 ilizuka tiba nyingine: kumpa mgonjwa dawa kali za saratani kwa kipimo kikubwa hata uboho wa mifupa yake ufe, kisha kumrudishia uboho wake uliohifadhiwa kabla. Kampuni za bima zilipokataa kulipa, wagonjwa walikwenda mahakamani. Mwaka 1993 mahakama ya California iliamuru kampuni moja ilipe dola milioni 89 kwa jamaa ya mama mmoja aliyekwisha kufa. Baada ya hapo bima nyingi zililipa, na maelfu ya wanawake wakatibiwa hivyo. Wachache walikubali kupigiwa kura, maana nani akubali kura hali anaamini kwamba upande mmoja ni uhai? Kwa hiyo jibu lilichelewa miaka mingi. Lilipokuja, mwaka 1999 katika mkutano wa Atlanta, halikuonyesha faida iliyotazamiwa, isipokuwa katika utafiti wa Werner Bezwoda wa Johannesburg. Wakaguzi walikwenda Afrika Kusini mwaka 2000 kutazama daftari zake, ikadhihirika kwamba mambo yalighushiwa. Wanawake wengi walikuwa wameteswa na tiba ile, na wengine walikufa kwayo, bila kuongezewa siku.

Dawa iitwayo trastuzumab ilikwenda kinyume cha hayo. Nayo huwafaa wale tu ambao saratani yao ina protini ya HER2 kwa wingi, yapata mmoja katika kila watano. Wakati ilipokuwa ikijaribiwa, wagonjwa wa San Francisco walikwenda na msafara wa magari kama wa maziko mpaka kwa watengenezaji, wakidai wapewe walio karibu kufa. Mwaka 1995 dawa kidogo ilitengwa, na wa kuipata wakachaguliwa kwa kura. Lakini safari hii wagonjwa walisaidia pia kuwatafutia watafiti wanawake wa kuingia katika majaribio, na mwaka 1998 dawa ikaidhinishwa kwa ushahidi.

Turudi kwetu. Katika wanawake wa Kenya, saratani ya titi ndiyo ionekanayo kwa wingi kuliko saratani nyingine zote. Mwanamke wa Nairobi na mwanamke wa Lodwar wakisoma hesabu zile zile za Fisher, hawapimi kwa mizani moja. Kuliacha titi kwataka miale, na kwa miaka mingi hospitali ya umma iliyokuwa na mashine zake ilikuwa Kenyatta peke yake, Nairobi. Tiba ya kawaida ilikuwa siku tano kila wiki kwa muda wa wiki tano. Mwenye watoto, na shamba, na asiye na jamaa mjini wa kumpa mahali pa kulala, aweza kuchagua kuondolewa titi lote, akiwa na akili timamu kabisa.

Ndiyo sababu utafiti mmoja wa Uingereza, uliotangazwa mwaka 2020, wastahili kujulikana kuliko unavyojulikana. Watu 4,096 walipigiwa kura, wengine wapate miale kwa wiki tatu, wengine kwa wiki moja tu, mara tano. Baada ya miaka mitano saratani haikurudi zaidi kwa wale wa wiki moja. Mwanamke wa Lodwar hakuwamo katika kura ile, wala hakuulizwa; lakini wiki moja Nairobi ni jambo awezalo kulijadili na mumewe na dada zake, jioni, kabla ya kutia sahihi.