Kilichofutwa na Kilichosalia: Muziki wa Vijana Kwenye Televisheni ya Uingereza, 1963–1974

Yako madai yanayorudiwa kila zinapozungumzwa zilipendwa za Uingereza: kwamba miaka ya 1960 haikuwa na muziki mbovu, kwamba kila aliyepanda jukwaani enzi hizo alikuwa gwiji, na kwamba asiyeamini na atazame televisheni. Kweli, ukifungua kipindi chochote cha kumbukumbu utawakuta The Beatles, The Rolling Stones, The Who na Dusty Springfield, wote wako katika ubora wao. Mimi nayapinga madai hayo. Siyapingi kwa kuudharau muziki ule, maana naupenda, bali kwa sababu ushahidi wenyewe una kasoro. Sehemu kubwa ya vipindi vya muziki vilivyorushwa miaka ile ilifutwa na mashirika yaleyale yaliyovirusha. Tunavyovitazama leo ni masalio, na masalio hayo hayakuchaguliwa kwa ubora wake.

Mwanzo wa habari unajulikana, nitaupitia haraka. Mwaka 1957 BBC ilianza Six-Five Special, na vijana wakapata kipindi chao. Tarehe 9 Agosti 1963 kampuni ya Rediffusion ikaleta Ready Steady Go!, ambamo watazamaji walicheza bega kwa bega na wasanii. Tarehe 1 Januari 1964 BBC ikajibu kwa Top of the Pops, kikirushwa kutoka lililokuwa kanisa katika mtaa wa Dickenson Road, Manchester. Siku ya kwanza walikuwamo The Rolling Stones na Dusty Springfield. Kipindi hicho kilidumu hadi 2006. Hata hivyo, vipindi kamili vya miaka yake ya 1960 vilivyosalia ni vya kuhesabu kwa vidole. BBC ilipoanza kuvirudia vipindi vyake vya zamani mwaka 2011, haikuanzia 1964. Ilianzia 1976, kwa kuwa kabla ya hapo mapengo ni mengi mno.

Kwa nini vilifutwa? Majibu huwa matatu, na hayana uzito sawa.

La kwanza ni chuki: wazee wa BBC waliudharau muziki wa vijana, wakautupa. Jibu hili linawafurahisha waliokuwa vijana wakati huo, lakini halisimami. Mashine zilezile zilifuta tamthilia, vichekesho na michezo. Zilifuta hata matangazo ya studio ya BBC ya usiku wa Julai 1969, binadamu alipokanyaga mwezi kwa mara ya kwanza, usiku ambao Pink Floyd walipiga muziki wa kubuni papo hapo. Shirika lisilobakiza kumbukumbu ya safari ya mwezini haliwezi kushitakiwa kwa kuwachukia wapiga gitaa peke yao.

La pili ni fedha. Mkanda wa video wa inchi mbili, uliokuja na mashine za Ampex mwaka 1956, ulikuwa ghali na mzito, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba unaweza kurekodiwa upya. Picha za rangi zilipofika BBC2 mwaka 1967, kisha BBC1 na ITV Novemba 1969, mikanda ya picha nyeusi na nyeupe ilipoteza soko. Haya ni kweli, lakini hayatoshi. Mchekeshaji Peter Cook alijitolea kulipia mikanda ya kipindi chake cha Not Only... But Also ili kisifutwe, akakataliwa. Na kule Ujerumani, kituo kidogo cha Radio Bremen kilianza Beat-Club Septemba 1965, kikakiendesha hadi 1972, na hazina yake ikatunzwa. Kamera za kipindi hicho zilimrekodi Jimi Hendrix katika klabu ya Marquee, katikati ya London, Machi 1967. Leo Mwingereza anayetaka kuona muziki wa ujana wake mara nyingi anautazama kwa hisani ya Wajerumani. Ikiwa Bremen iliweza, sababu ya London haiwezi kuwa bei ya mkanda tu.

Jibu la tatu husemwa kwa sauti ndogo, nami naliona ndilo lenye ukweli mwingi: mikataba, pamoja na kazi isiyo na mwenyewe.

Tuanze na mikataba. Chama cha wanamuziki cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1893, mara nyingi hulaumiwa kwa ukaidi. Wanaokilaumu husahau kilichowapata wanachama wake. Kabla ya filamu zenye sauti, kila jumba la sinema lenye hadhi lilikuwa na wapigaji wake, wakipiga muziki chini ya pazia. Sauti ilipoingia kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1920, maelfu yao walikosa kazi katika muda mfupi. Aliyeyaona hayo hakuhitaji kufundishwa kwamba muziki uliorekodiwa unaweza kumla aliyeurekodi. Televisheni ilipotaka kurekodi na kurudia, chama kilidai kikomo: marudio machache, ndani ya muda maalumu, na malipo kila mara. Mwaka 1966 kilifanikiwa pia kubana uimbaji wa pleibeki katika Top of the Pops. Kuanzia hapo kipindi kikawa na okestra yake chini ya Johnny Pearson, na watu wenye noti mezani wakapata riziki kila wiki.

Matokeo yake kwa hifadhi yalikuwa mabaya, lakini hakuna aliyeyakusudia. Muda wa mkataba ulipokwisha, mkanda haukuruhusiwa kurushwa tena bila mapatano mapya. Ukabaki unakula nafasi kwenye rafu, huku produsa wa jirani akitafuta mkanda wa kurekodia. Mpiga fidla aliyetetea ujira wake hakufuta chochote. Aliyefuta ni shirika ambalo halikuona thamani nyingine ya mkanda zaidi ya kuurusha tena.

Hapo ndipo ilipo kazi isiyo na mwenyewe. Ndani ya BBC maktaba ya filamu ilitunza filamu, na mikanda ya video haikuihusu. Idara ya uhandisi ilisimamia mikanda kama vifaa, kwa hesabu ya mingapi ipo na mingapi inahitajika. Kitengo cha biashara kiliweka nakala za kuuza nje, na soko lilipokwisha kiliziondoa. Kila mmoja aliamini kuwa mwenzake anatunza. Hadi mwaka 1978, BBC ilipobadili sera na kuanza kuhifadhi kwa utaratibu, hapakuwa na ofisi moja iliyopewa jukumu la kukumbuka. Kwa mizani yangu, hicho ndicho kiini cha hasara yote.

Nakala za kuuza nje zinatufikisha Afrika. Zilitengenezwa kwa kuielekeza kamera ya filamu ya milimita 16 kwenye kioo cha televisheni, kisha zikasafirishwa kutoka kituo hadi kituo: Kenya, Uganda, Zambia, Nigeria na kwingineko. Kituo kikimaliza kuonyesha, kilitakiwa kuipeleka nakala kwa mwenzake, kuirudisha London au kuiharibu. Baadhi hazikuondoka. Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa za tamthilia ya Doctor Who, zilizorushwa mara ya kwanza mwaka 1967 na 1968, zimepatikana katika kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria. Kilichofutwa makao makuu kilikuwa kimekaa salama Afrika kwa miongo minne. Vipindi vya muziki havikupata bahati hiyo kwa wingi, kwa kuwa chati ya wiki iliyopita ilikuwa imeshapitwa na wakati, haikuuzika nje kirahisi kama tamthilia.

Vipindi hivyo viliokolewa na watu wa kawaida. Mtazamaji aliweka kipaza sauti mbele ya televisheni, akawasha kinasa sauti cha mikanda ya kuzungusha, akawaomba nyumbani wanyamaze. Ndivyo tulivyobakiwa na sauti ya The Beatles wakiwa waamuzi wa santuri mpya katika Juke Box Jury, Desemba 1963, mbele ya umati wa Liverpool, ilhali picha zimepotea. Ndivyo tulivyobakiwa na muziki wa Pink Floyd wa usiku wa mwezini. The Beatles walipofika wenyewe katika studio ya Top of the Pops tarehe 16 Juni 1966, BBC haikutunza kitu. Mwaka 2019 kilijitokeza kipande cha sekunde 11, kisicho na sauti, kilichopigwa na mtu aliyeielekeza kamera yake ya nyumbani kwenye televisheni. Kwa mwanahistoria, sekunde hizo 11 ni mali.

Kisa ninachokienzi kuliko vyote ni cha mpigapicha John Henshall. Tarehe 3 Januari 1973 David Bowie alifika katika studio ya Top of the Pops kurekodi The Jean Genie. Hakuimba kwa pleibeki. Alipiga muziki hai, kinanda cha mdomo mkononi, Mick Ronson akiwa kwenye gitaa. Henshall alikuwa ameunda lenzi ya jicho la samaki, inayopinda picha kingoni, akaitumia siku ile. Kwa kuwa alijivunia kazi ya lenzi yake, aliomba nakala ya wimbo huo kwenye mkanda wa inchi mbili na kuiweka nyumbani. Kipindi kikarushwa kesho yake, halafu BBC ikakifuta. Kwa miaka karibu 40 mashabiki waliamini wimbo ule umepotea, na Henshall hakujua kwamba alichonacho hakipo kwingine. Desemba 2011 picha zile zilionekana tena. Tunayaona maonyesho hayo leo kwa sababu fundi mmoja aliipenda kazi ya mikono yake.

Sisi wa pwani hii nasi tuna hasara yetu humo. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946 na kuhamia Uingereza na wazazi wake mwaka 1964, alitokea katika Top of the Pops kwa mara ya kwanza tarehe 21 Februari 1974. Wakati huo dunia ilianza kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Kundi lake la Queen liliitwa kwa dharura kuziba nafasi ya Bowie, likapiga Seven Seas of Rhye, na wimbo ukawa wa kwanza wao kupanda chati. Mkanda wa kipindi kile nao haukutunzwa.

Ikiwa picha hazipo na sauti ni chache, tufanyeje? Kipo chanzo ambacho watengenezaji wa vipindi vya kumbukumbu hawakipi nafasi kwa sababu hakionekani vizuri kwenye kioo: makaratasi. BBC iliandika kumbukumbu ya kila kilichorushwa, kipindi kwa kipindi, kwa ajili ya kulipa mirabaha. Humo mna jina la wimbo, mtunzi, wachapishaji, waliotumbuiza, na dakika na sekunde zilizotumika. Hazina hiyo imetunzwa Caversham, karibu na Reading. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali ilipotea, lakini daftari likabaki.

Daftari likisomwa pamoja na chati za siku zile, miaka ya 1960 inakuwa na sura nyingine. Santuri iliyouzwa kuliko zote Uingereza mwaka 1965 ilikuwa Tears ya mchekeshaji Ken Dodd. Mwaka 1966, mwaka wa albamu ya Revolver ya The Beatles, Jim Reeves alikaa kileleni wiki tano kwa Distant Drums, akiwa amefariki miaka miwili nyuma. Wasikilizaji wa redio wa Afrika Mashariki waliokua na sauti yake hawatashangaa, lakini vipindi vya kumbukumbu havimtaji. Mwaka 1967 Engelbert Humperdinck aliwazuia The Beatles kushika namba moja kwa Penny Lane na Strawberry Fields Forever. Mwaka 1969 The Archies, kundi la wahusika wa katuni, walitawala chati wiki nane. Humo humo yupo Millie Small wa Jamaika, aliyefika namba mbili mwaka 1964. Wapo The Equals, kundi la Weusi na Weupe, walioongoza mwaka 1968, na Desmond Dekker aliyeipeleka sauti ya Kingston kileleni Aprili 1969.

Muziki wa miaka ile, kwa hiyo, ulikuwa mchanganyiko: wa wazee na vijana, wa machozi na wa fujo, wa London na wa Karibea. Anayetaka kuusifu ana haki, ila ausifu wote, na asichukue masalio ya mikanda kama hukumu ya historia.

Vituo vyetu navyo vina jambo la kujifunza. TBC imerithi mikanda ya Radio Tanzania Dar es Salaam, yenye sauti za NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na vituo vya Nairobi na Kampala ni vya miaka ya mwanzo ya 1960. BBC ilikuwa na fedha, mafundi na maghala, na bado ilipoteza, kwa kuwa kutunza hakukuwa kazi ya mtu yeyote kwa jina. Kila kituo kimpe mtu mmoja jukumu hilo kwa barua, kimpe bajeti na funguo za stoo, na kimtake kila mwaka orodha ya kilichomo. Pasipo hayo, wajukuu wetu watabishana juu ya muziki wetu kwa kutazama masalio, kama Waingereza wanavyobishana leo juu ya wao.