Kuamsha

"Munganga, mumuamshe!" Ndivyo ndugu wanavyosihi, Goma, mtu wao akiletwa hospitali baada ya kumeza vidonge vingi vya Valium au fenobarbitali. Kitenzi hicho kinamfaa aliyelala. Huyu hakulala: dawa imeubana ubongo hadi pumzi inafifia.

Zamani hata madaktari walikifuata kitenzi hicho, wakidunga dawa za kuchangamsha. Kuanzia 1949, katika hospitali ya Bispebjerg, Copenhagen, Carl Clemmesen na wenzake waliziacha. Walilinda njia ya hewa, wakategemeza pumzi na mzunguko wa damu, wakangoja dawa itoke mwilini. Vifo vikashuka kutoka takriban 20 kwa kila wagonjwa 100 hadi mmoja au wawili.

Flumazenili humzindua aliyemeza Valium, ila yaweza kuleta degedege. Fenobarbitali haina kiuasumu chake. Tuseme basi *kumpumulisha*. Kazi hiyo yataka oksijeni, na mashine zake zataka umeme, ambao Goma iliukosa vita vilipoingia mjini Januari 2025. Nyumbani, mlazeni ubavu, msimnyweshe maziwa, mkimbizeni hospitali pamoja na pakiti ya vidonge.